Mwiko wa Ajwang'

Siku ya harusi ile, jikoni hapakuwa na kelele. Wageni waliokaa chini ya maturubai pale Kaloleni, mjini Voi, hawakutambua mara moja ni kitu gani kilichopungua. Walisikia kwaya. Walisikia treni ya mizigo ikipita na kuifunika hotuba ya baba wa bibi harusi. Lakini nyuma ya nyumba, mahali palipopangwa sufuria, haikutoka sauti ya mwanamke akimfokea mtu kuhusu chumvi, na kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyowaambia watu wa Kaloleni kwamba chakula kiko njiani.

Wali ulipoletwa, chini ulikuwa umeungua, na juu punje zilisagika menoni kama mchanga. Watu wakala kwa adabu. Mzee mmoja mstaafu wa reli akasukuma sahani yake.

"Kwani leo Ajwang' yuko wapi?"

Kasyoka, mwenyekiti wa akina mama wapishi, alikuwa akipita na jagi la maji. "Hajisikii vizuri," akasema, asisimame.

Nduku, aliyekuwa amekabidhiwa mwiko siku hiyo kwa mara ya kwanza, alisikia swali na jibu. Akainamisha kichwa, akaendelea kukwangua ukoko.

Ajwang' alikuwa mzima wa afya. Alikuwa nyumbani kwake, mitaa miwili tu kutoka hapo, ameketi mlangoni na miguu ameinyoosha juani. Upepo ulipomletea harufu ya wali, alikunja uso.

"Hawajapalia makaa juu ya mfuniko," alimwambia mumewe. "Moto wote wameuacha chini. Wanapika sakafu."

"Si uache," Oyugi akasema.

"Nimeacha. Pua ndiyo haijaacha."

Alikuwa amefika nchi hii kavu kutoka Siaya akiwa msichana aliyeolewa juzi, na sanduku moja la chuma, Oyugi alipopata kazi ya ufundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Kambini huko ndiko alikojifunza kupikia umati. Mkata mkonge anayerudi na miiba viganjani hana subira, wala haulizwi kama anapenda chakula. Utajua kwa namna anavyorudisha sahani. Ajwang' alijifunza kupima maji kwa jicho na moto kwa nywele za mkono wake. Oyugi alipohamia kazi ya reli nao wakahamia Kaloleni, alikuta akina mama wa kanisa wamejiunga kupika kwenye harusi na matanga, Wakamba, Waluo, Waluhya na Wataita, kila mmoja na namna yake ya kuharibu nyama. Haukupita mwaka wakampa mwiko.

Ulikuwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, mweusi kwa mchuzi wa miaka. Aliyeushika ndiye aliyesema chakula kimeiva, na hakuna mwenyekiti wala mchungaji aliyeweza kumpinga. Mwiko huo ulilala nyumbani kwa Ajwang', nyuma ya mlango. Hicho ndicho cheo pekee alichowahi kupewa maishani, na hakutaka kingine.

Kilichomvua cheo hicho kilikuwa herufi moja.

Mwaka wa harusi ile akina mama walikwenda pamoja kliniki kupimwa mlango wa kizazi. Walikwenda na leso zilizofanana, wakichekana njiani. Kila mmoja alipewa kijiti laini, akaingia nyuma ya pazia, akajipima mwenyewe kama alivyoelekezwa. Wakaambiwa majibu yatakuja kwa simu.

Simu ya Ajwang' ililia wakiwa jikoni mwa kanisa, wanasukuma chapati za harambee. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga hadi kwenye viwiko. Nduku akaitoa simu mfukoni mwa aproni yake, akaiweka kwenye spika, akaisimamisha juu ya mkebe wa mafuta.

"Mama Shanice? Hapa ni Sista Katuku wa kliniki. Nina majibu yako. Uko mahali tunaweza kuongea?"

"Sema tu, Sista. Mikono ina unga."

"Ni vizuri zaidi tukiongea sisi wawili."

"Sista, hawa ndio tulikuja nao. Kama ni mimba utuambie sote, tucheke."

Wakacheka kweli. Upande wa pili Sista Katuku akasita. "Kipimo kinaonyesha una virusi vya HPV. Usiogope, mama. Njoo kesho nikueleze vizuri."

Kicheko kikakatika. Herufi ile ya katikati ilimezwa na mlio wa mafuta, na hata kama isingemezwa, nani pale alikuwa na haja nayo? Kaloleni neno virusi lina maana moja. Mtu akisemwa ana virusi, hakuna anayeuliza vya nini. Chapati iliyokuwa motoni ikaungua upande mmoja bila mtu kuigeuza. Kasyoka alisogeza bakuli lake la unga, kidogo tu, upana wa kiganja, mbali na lile la Ajwang'. Ajwang' aliona.

Mchana huohuo simu ya Nduku nayo ililia. Alifuta mikono, akatoka nje hadi kwenye mwarobaini wa uani, akarudi akisema ni watu wa nambari zisizojulikana. Hakuna aliyemsikiliza. Macho yote yalikuwa kwingine.

Kesho yake Ajwang' aliketi mbele ya Sista Katuku na mkoba ameukumbatia.

"Niambie nitakufa lini, nipange mambo."

"Lini sijui. Lakini ukinisikiliza, si kwa hili." Sista alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya kukwaruza. "Hii si ile unayofikiria, Mama Shanice. Ile ni HIV, hii ni HPV. Ni virusi tofauti kabisa. Hii hupita kwa ngozi, watu wakikutana kimwili. Karibu kila mtu mzima amewahi kukutana nayo."

"Karibu kila mtu?"

"Hata mimi unayeniona. Na kwa wengi mwili huiondoa wenyewe. Mwaka, miaka miwili, imekwenda, na mtu hata hajui ilikuja. Kwa wachache inakaa. Ikikaa miaka mingi bila kuangaliwa, hapo ndipo inaweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi. Ndiyo sababu tunapima, tusije kushtukizwa."

"Dawa yake?"

"Ya kuvitoa virusi vyenyewe, hakuna. Ikianza kuharibu mahali, hapo tuna tiba, na ni tiba nzuri."

"Kwa hiyo mnanirudisha nyumbani hivihivi, na mgeni ndani?"

"Nakurudisha nyumbani na tarehe ya kurudi. Lakini kwanza panda hapa kitandani nikuangalie."

Alimpaka siki pale mahali, akaeleza kwamba palipoanza kuharibika hugeuka peupe.

"Siki ile ya kachumbari?"

"Ndugu yake."

Hapakuwa na weupe. Siku hiyohiyo alipimwa na ile nyingine, ile ambayo Kaloleni nzima ilishamvisha, na hakuwa nayo. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Sista, mimi ni wa wale wengi au wa wale wachache?"

"Hilo linajulikana na mwili wako peke yake. Mwaka ujao rudi tuuulize."

Jioni Oyugi alisikiliza yote akiwa na tonge mkononi. Halafu akauliza lile swali ambalo Ajwang' alilisikia likija tangu mbali.

"Sasa umeitoa wapi?"

"Nimekuuliza wewe?"

"Mimi sijapimwa."

"Basi kula. Sista amesema inaweza kulala miaka na miaka kabla haijaonekana. Labda nimekuja nayo kutoka Siaya. Labda ilikuwa ndani ya shati lako lile la kijani siku ulipokuja kuniposa. Nani ataiuliza?"

Oyugi alijaribu kukasirika, akashindwa. Lile shati lilikuwa baya kweli.

Siku chache baadaye Kasyoka alikuja. Hakuketi. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya matunda iliyojazwa kitu cha kahawia.

"Mama Shanice, sisi hatukuhukumu. Kuna mzee sokoni, hii dawa yake inasafisha damu. Wamepona wengi. Kunywa, halafu Jumapili usimame kanisani useme umesafishwa. Watu wakisikia, watatulia. Hapo utarudi jikoni."

"Nisafishwe nini?"

"Wewe unajua."

"Najua. Wewe ndiye hujui. Mwenyekiti, ni HPV. Mwili wenyewe unaiondoa, bila chupa."

"Ati mwili unaiondoa!" Kasyoka akacheka kwa pua. "Virusi ni virusi. Tangu lini virusi vikafunga mizigo vikaenda zake?"

"Tangu zamani. Hata vya kwako labda vilikwenda ukiwa usingizini."

Uso wa Kasyoka ukakunjamana. Akaiweka chupa kizingitini. "Basi naomba mwiko. Kuna harusi, na watu wameshasema hawatakula mkono wako. Hadi uwe msafi, ni mwiko wewe kushika sufuria."

Ajwang' aliuchukua nyuma ya mlango, akautazama urefu wake wote, akamkabidhi. "Huu ni wa kugeuzia wali," akasema. "Ule mwingine, wa kukataza watu, mtakaa nao wenyewe. Na chupa yako usiisahau."

Hiyo ndiyo iliyokuwa harusi ya wali mbichi.

Oyugi, ambaye hakupenda kuona mkewe akikaa mlangoni kunusa vyakula vya watu, alimshauri kwa upole. "Waambie tu. Ile nyingine ulipimwa, huna. Sema mara moja Jumapili, yaishe."

Ajwang' alikuwa ameshaliwaza jambo hilo. Lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilimchukiza.

"Nikisimama niseme sina ile," alisema, "nitakuwa nimesema kwamba aliye nayo hafai kupika. Na wako, Baba Shanice. Wako kwenye hiyo kwaya, nawajua, wanameza dawa zao asubuhi na wanaimba kunishinda. Mimi nikirudi kwa mlango huo, wao watapita wapi?"

"Basi utakaa nje."

"Nitapika nje."

Na akapika. Kila Jumamosi alitoa jiko lake mbele ya geti, kando ya njia ya kwenda stesheni, akaweka sufuria kubwa: samaki kutoka Ziwa Jipe, au maharagwe ya nazi, na wali. Jumamosi ya kwanza walikula yeye, Oyugi na kuku wa jirani. Ya pili walikuja wakata mkonge wawili waliomjua tangu kambini. Mmoja, Munyoki, aliambiwa na mpita njia kwamba mama huyo ana ugonjwa. "Tangu nimjue ana ugonjwa wa mdomo," Munyoki akajibu. "Mama, ongeza mchuzi." Baadaye wakaja vijana wa reli. Ajwang' aliwafokea wote kwa sauti iliyofika mtaa wa pili na kuupita, na wanawake waliokuwa wakianika nguo huko walijua anapiga kelele kwa ajili yao.

Hata hivyo ulikuwa mwaka mrefu. Kuna kazi ambazo mtu hawezi kuzisimamia hata awe hodari namna gani, na hiyo ilikuwa mojawapo. Alizoea kuona moto, kuonja, kupunguza, kuongeza. Sasa kitu kilikuwa kinapikwa ndani yake, mfuniko umefungwa, na hapakuwa na harufu. Akioga alizoea kuuambia mwili wake kama mtu anavyomwambia binti mvivu: "Fagia. Fagia na pembeni." Halafu angejicheka, na siku nyingine asijicheke.

Tarehe ilipofika alikwenda akajipima tena, akarudi kusubiri simu.

Wakati huo mama mzazi wa mwanakwaya mmoja alifariki Wusi, juu milimani. Lori la kanisa lilipanda na wapishi na sufuria, na Ajwang' akapanda kama mwombolezaji tu, akaketi nyuma, leso kichwani. Huko juu ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na kuni zilikuwa mbichi. Aliketi na waombolezaji, akaimba, akalia alipopaswa kulia. Lakini sikio lake lilikuwa jikoni, na jikoni kulikuwa kimya. Watu walikuwa wengi kuliko walivyotarajiwa. Moshi uliotoka kwenye sufuria ya wali ulianza kubadilika rangi.

Ajwang' aliinuka. Alipita katikati ya wapishi, akasimama mbele ya Nduku, akanyoosha mkono. Nduku, macho mekundu kwa moshi, akampa mwiko kama mtu anayetua mzigo.

"Mama Shanice," Kasyoka akasema, "tulikubaliana."

"Mlikubaliana. Mimi sikuwepo. Toa hizo kuni mbili. Nani amefunga mfuniko hivi, kama anazika mtu? Leta koleo!"

Hapo ndipo simu ilipolia.

Alilitazama jina: Sista Katuku. Kila mwanamke aliyekuwa pale aliliona pia, na mwaka mzima ukarudi jikoni mara moja: unga, mkebe wa mafuta, chapati iliyoungua. Angeweza kutoka nje. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna ambaye angemwona. Akabonyeza spika, akaiweka simu juu ya sufuria tupu iliyogeuzwa.

"Mama Shanice, uko mahali tunaweza kuongea?"

"Niko jikoni, Sista. Sema. Wanasikia."

"Una hakika?"

"Sema, wali unaungua."

"HPV bado ipo, mama. Haijatoka. Nataka uje Jumatatu nikuangalie tena. Hatujachelewa, unanisikia? Ndiyo maana tulipanga kurudi."

"Nimesikia, Sista. Jumatatu."

Simu ikakatika. Ajwang' alikuwa amewatukana watu wa mitaa miwili kwa jina la mwili wake, na mwili wake ulikuwa umemwacha peke yake mbele yao. Aliushika mwiko kwa mikono yote miwili, na kwa muda ulikuwa fimbo ya kuegemea.

"Si nilikuambia?" Kasyoka akasema, na sauti yake haikuwa ya kejeli, ilikuwa karibu na huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwili unaiondoa, mwili unaiondoa. Ungekunywa ile dawa. Sasa weka mwiko chini, dadangu, watu wanataka kula."

"Siweki." Ajwang' alijinyoosha. "Ingetoka, ningeshika mwiko. Haikutoka, nimeshika mwiko. Haikai kwenye wali, Kasyoka. Hii haikai, na ile mnayoifikiria haikai. Anayeona njaa yake ni ndogo, asile."

"Mimi nilikuwa nayo."

Ilichukua muda watu kujua ni nani aliyesema. Nduku alikuwa bado amesimama pale alipotua mwiko, mikono mitupu.

"Nilipigiwa siku ileile," akasema. "Ile niliyowaambia ni watu wa nambari zisizojulikana. Ilikuwa Sista Katuku. Nikaambiwa hayohayo, nikaangaliwa na siki, nikaambiwa nirudi. Wiki iliyopita nimerudi. Wamesema haipo."

"Ulikunywa dawa?" Kasyoka akauliza.

"Sikunywa kitu. Nililia tu, na kulia si dawa. Imekwenda yenyewe." Alifuta pua kwa leso. "Yangu imekwenda, ya Mama Shanice imebaki, na mimi si mwema kumshinda. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilitoka nje na simu. Nikanyamaza. Na nyinyi mmekula wali wangu mwaka mzima."

"Tena mbichi," Ajwang' akasema.

Mtu mmoja alicheka, halafu akajiziba mdomo kwa sababu ilikuwa matanga. Halafu mwingine. Kasyoka hakucheka, wala hakuomba radhi, siku hiyo wala baadaye. Alimtazama Nduku. Kisha akainama, akachukua koleo, akachota makaa mekundu kutoka chini ya sufuria, akaanza kuyapanga juu ya mfuniko.

"Yasambaze," Ajwang' akamfokea. "Kwani unaficha mayai? Sambaza mpaka pembeni!"

Sauti ilitoka jikoni, ikapita migomba na ukungu, ikawafikia waombolezaji kwenye mabenchi. Wakaanza kunawa mikono.

Jumatatu Nduku alimsindikiza kliniki. Safari hii siki ilionyesha doa dogo jeupe. Sista Katuku alieleza kwamba si kansa, ni mahali palipoanza kubadilika, na pakiachwa ndipo huja kuwa tatizo. Alipachoma siku hiyohiyo kwa kifaa cha chuma chenye joto, kazi fupi kuliko kukaanga vitunguu, na maumivu Ajwang' aliyafananisha na tumbo la siku za mwezi. Akaambiwa apumzike na asilale na mumewe hadi papone, jambo ambalo alimtangazia Oyugi kutoka getini, na majirani wakasikia.

Nduku alipimwa tena mwaka uliofuata, na haikuwepo. Ajwang' naye alipimwa, na yake ilikuwa imekwenda. Hakusimama kanisani kuliambia kusanyiko. Siku ya majibu alikuwa amekwenda na simu yake hadi jikoni mwa kanisa, yakamkuta pale mbele ya wenzake.

Ajwang' anaishi Kaloleni, njia ya kwenda stesheni, na mwiko uko nyuma ya mlango wake.